Homa ya Bonde la Ufa: onyo linatoka baharini miezi kabla, chanjo inafika ng'ombe wameshatupa mimba

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu. Wenye mifugo, wauza nyama na mlioko idara za mifugo na afya, naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Kila tunapozungumzia mabadiliko ya tabianchi na magonjwa, mazungumzo huishia kwenye malaria na kipindupindu. Mimi nataka tuongelee Homa ya Bonde la Ufa. Katika magonjwa yanayofuata mvua huku kwetu Afrika Mashariki, huu ndio ugonjwa ambao njia yake kutoka joto la bahari mpaka zizini kwako inafahamika karibu hatua kwa hatua. Kuujua tunaujua. Na bado kila ukija unatukuta tumelala.

Ulitambuliwa Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, mwaka 1930 hadi 1931. Kondoo walikuwa wanatupa mimba kundi zima, na wana-kondoo wanakufa siku chache baada ya kuzaliwa. Daubney, Hudson na Garnham waliandika taarifa yake mwaka huohuo wa 1931, wakaonyesha kuwa ni kirusi na kwamba mbu wanahusika. Tangu hapo ugonjwa umekuwa ukija na kupotea. Unaweza kupita mwaka wa nane, wa tisa, vijana wanakua hawajauona, halafu unarudi kwa kishindo.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: miaka yote hiyo ya kimya kirusi kinakaa wapi?

Kinakaa ardhini, ndani ya mayai ya mbu. Kuna mbu wa jamii ya Aedes ambao hawatagi juu ya maji. Wanataga kwenye udongo wenye unyevunyevu, pembezoni mwa madimbwi ya msimu. Dimbwi likikauka, mayai yanabaki humo na yanaweza kustahimili ukame kwa miaka. Mwaka 1985 Linthicum na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Kenya: walichukua viluwiluwi kutoka kwenye dimbwi lililojaa, wakawalea mpaka wakawa mbu, na baadhi ya mbu hao walikuwa na kirusi ilhali hawajawahi kumuuma mnyama yeyote. Maana yake mama alikipitisha kwenye yai. Kwa hiyo usiseme "ugonjwa umeisha" kwa sababu tu mifugo ni wazima. Kama kijiji chako kilishaupata, uko chini ya miguu yako unasubiri maji.

Na si maji yoyote. Mvua ya siku mbili ikakatika haiwaamshi wa kutosha. Dimbwi linatakiwa lijae na likae limejaa kwa wiki kadhaa. Hapo Aedes wanaanguliwa kwa wingi na kuvamia ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mnyama akishaambukizwa, damu yake hujaa kirusi kwa siku chache. Wakati huo maji yaliyotuama yameshaita mbu wengine, Culex, wanaotaga juu ya maji, na hao ndio wanaobeba moto kutoka kundi hadi kundi. Ndiyo sababu ugonjwa unapenda sehemu zenye udongo mzito unaoshika maji: mbuga nyeusi za Dodoma, tambarare za Garissa na Ijara, bonde la mto Tana.

Sasa twende baharini.

Mvua zetu za vuli, Oktoba hadi Desemba, zinaamuliwa sana na joto la bahari mbili. Pasifiki ikipata joto kwenye ikweta tunapata El Niño. Bahari ya Hindi nayo ina yake: upande wa magharibi, yaani wa kwetu, ukiwa na joto kuliko upande wa Sumatra, mawingu yanasogezwa huku. Hiyo wataalamu wanaiita daipoli ya Bahari ya Hindi. Mambo haya mawili yakikutana mwaka mmoja, vuli inageuka mafuriko.

Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 1997. Waliokuwa na akili zao mwaka ule wanakumbuka madaraja yaliyosombwa. Huko Garissa na kusini mwa Somalia maji yalikaa kwa wiki nyingi, na Homa ya Bonde la Ufa ikalipuka kuliko wakati wowote uliowahi kurekodiwa ukanda huu. Makadirio ni watu 89,000 walioambukizwa, na vifo 478. Garissa peke yake walikadiria maambukizi 27,500.

Baada ya msiba ule watu walikaa chini wakatazama takwimu za nyuma. Mwaka 1999 jarida la Science lilichapisha kazi ya Linthicum na wenzake: ukichukua joto la bahari hizo mbili, ukaongeza picha za setilaiti zinazoonyesha ukijani wa nyasi, unaweza kuona mlipuko unakuja hadi miezi mitano kabla. Miezi mitano, wakuu! Hakuna magonjwa mengi duniani yanayokupa nafasi ya namna hiyo.

Mtihani ukaja 2006. Septemba na Oktoba ramani za watu wa NASA zilionyesha hatari Pembe ya Afrika. Novemba FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakatoa tahadhari. Mwisho wa Novemba watu wakaanza kuugua Garissa. Desemba maabara ikathibitisha. Januari 2007 ndipo chanjo ya mifugo ikaanza kutolewa Kenya, na Januari hiyohiyo ugonjwa ukawa umeshaingia Tanzania, Dodoma ikaumia kuliko mikoa yote. Hesabu za WHO za mlipuko ule ni hizi: Kenya wagonjwa 684 na vifo 155, Somalia wagonjwa 114 na vifo 51, Tanzania wagonjwa 264 na vifo 109. Kenya ilipoteza zaidi ya dola milioni 32, kuanzia kwa mfugaji aliyefungiwa mnada mpaka kijana wa machinjioni aliyekaa nyumbani bila kazi.

Angalieni hapo Tanzania. Onyo la setilaiti lilikuwepo. Hilo tuliache, labda halikufika kijijini. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshathibitishwa kwa jirani wiki kadhaa kabla! Na bado vifo 109.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Baada ya mlipuko, watafiti walikwenda kwa wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya wakawauliza mambo yalivyofuatana. Wafugaji waliyajua yote: tangu mvua kubwa mpaka makundi ya mbu, wiki tatu na kitu. Tangu mbu mpaka mnyama wa kwanza kuugua, wiki mbili na kitu. Tangu mnyama mpaka binadamu wa kwanza, tena wiki mbili na kitu. Jumla karibu miezi miwili, na wao walikuwa wanaiona hatari mbele yao kabla idara yoyote haijatuma gari. Hakuna aliyewauliza mapema.

Hoja yangu ni hii. Mlipuko ukishaanza, kampeni ya chanjo inaweza kuleta madhara. Sindano moja ikipita kwa ng'ombe ishirini, ikimkuta mmoja mwenye kirusi, unaweza kuwaambukiza wanaofuata. Kinga yenyewe inahitaji siku kadhaa kujengeka. Na barabara zimekatika, huyo mchanjaji atafika vipi? Chanjo ya ugonjwa huu inatolewa kiangazi, vumbi likiwa linatimka, wakati kila mtu anaona ni kupoteza pesa.

Na hapo ndipo panapotushinda. Miaka inapita bila ugonjwa, bajeti inapangwa na watu wasiowahi kuuona, fungu linapelekwa kwingine. Viwanda vya chanjo kama KEVEVAPI pale Nairobi havina sababu ya kutengeneza mamilioni ya dozi zikae ghalani mpaka ziharibike. Mwaka wa hatari ukifika, dozi hazipo.

Kila mwisho wa Agosti hivi, ICPAC, kituo cha tabianchi cha jumuiya ya IGAD, hukutanisha wataalamu wa hali ya hewa wa nchi zetu na kutangaza mwelekeo wa vuli. Fedha za chanjo zifungwe kwenye tangazo lile. Wakisema vuli hii ni ya mafuriko, fungu lifunguke siku hiyohiyo bila kusubiri ng'ombe wa kwanza atupe mimba. Mwenye hoja tofauti karibu.

#2

Shukrani kwa uzi, ndugu. Mimi niko Tana River na mengi uliyosema ni ukweli mtupu. Lakini nikuulize waziwazi. Wazee wetu wanasimulia mafuriko ya 1961, na mifugo ilikufa mwaka ule pia. Wakati huo hakuna aliyekuwa anaongea habari ya tabianchi. El Niño ni ya zamani, mbu ni wa zamani, na wewe mwenyewe umesema kirusi kilijulikana 1930. Sasa mabadiliko ya tabianchi yanaingilia wapi? Isije ikawa kila kitu tunakitupia hapo ndiyo serikali zipate kisingizio.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Tana, wazee wako sawa kabisa. Mwaka 1961 daipoli ya Bahari ya Hindi ilikuwa na nguvu sana, na Kenya ilipata mlipuko mkubwa wa mifugo kuanzia mwaka huo. Mtambo ni uleule wa kale. Kinachobadilika ni mara ngapi unawashwa.

Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Cai na wenzake. Walitumia mifano ya kompyuta ya tabianchi kuhesabu daipoli kali, zile za kiwango cha 1961 na 1997. Katika karne ya 20, kwa mifano hiyo, moja hutokea kama kila miaka 17. Gesi joto zikiendelea kupanda kwa kasi, karne hii inakuwa moja kila miaka 6 hivi. Weka hesabu hiyo kwenye mifugo. Kundi la kondoo linabadilika karibu lote ndani ya miaka michache, kwa hiyo kinga iliyopatikana kwenye mlipuko mmoja haidumu sana kundini. Ila zamani mfugaji alipata muda wa kujenga upya mali yake. Akipigwa tena kabla hajainuka, anaacha ufugaji. Vuli ya 2019 daipoli kali, vuli ya 2023 El Niño na daipoli pamoja. Miaka minne tu katikati.

Kuhusu kisingizio nakuunga mkono. Joto la bahari halimzuii mtu kununua chanjo. Na si kila kitu ni hali ya hewa. Huko kwako Tana, mashamba ya umwagiliaji ya Bura na Hola yana maji mwaka mzima, na watafiti wamekuta kirusi kinazunguka taratibu hata miaka isiyo na mafuriko. Biashara ya mifugo nayo ina mkono mkubwa. Mwaka 2000 ugonjwa ulitoka nje ya Afrika kwa mara ya kwanza, ukaingia Saudi Arabia na Yemen, ukaua watu zaidi ya 200. Saudi ikafunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na kwa Somalia mlango ule ulikaa umefungwa mpaka 2009. Fikiria nchi inayoishi kwa kuuza mbuzi wa Hija.

Halafu tazama milimani. Kabale, Uganda, mwaka 2016: wagonjwa wa kwanza wa kibinadamu nchini humo tangu 1968. Rwanda 2018, tena 2022. Burundi 2022 ng'ombe wakafa kwa mamia. Hizi ni nchi za vilima na mabonde yenye vinamasi, hazifanani na Garissa hata kidogo. Anayedhani ugonjwa huu ni wa jangwani kwa Wasomali tu, muda umempita.

#4

Samahani kaka, mimi nina bucha ndogo na mdogo wangu ana mgahawa hapohapo jirani. Haya ya bahari nimeyaelewa kiasi. Nataka kujua nyama. Mwaka ule wa 2007 watu walikimbia nyama ya ng'ombe, kuku wakapanda bei. Nyama inaua au haiui?

#5 Mleta uzi

Dada yangu, nyama iliyoiva haikudhuru. Joto la kupikia linaua kirusi, na hata nyama iliyochinjwa ikaning'inizwa vizuri, asidi inayojijenga ndani yake inakidhoofisha sana. Wateja wako hawako hatarini kwa kula. Aliye hatarini ni anayekuchinjia.

Watu wengi waliougua kwenye milipuko hii waliguswa na damu au viungo vya mnyama mgonjwa: kuchinja, kuchuna, kutoa matumbo, kumsaidia mnyama kuzaa, kubeba mtoto aliyetoka kabla ya wakati na kondo lake kwa mikono mitupu. Mbu nao wanaambukiza. Maziwa mabichi nayo yana hatari, yachemshwe. Mtu kwa mtu haijathibitishwa. Kwa hiyo msimu wa hatari ukifika usipokee mnyama aliyechinjwa porini kwa sababu "alikuwa anaelekea kufa". Hiyo bei ya kutupa ndiyo inayoleta msiba. Vijana wa machinjioni wavae glavu na mabuti, na mwenye kidonda mkononi asichune.

Dalili kwa mtu huanza siku 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa. Homa, kichwa, misuli, viungo. Wengi hupona wenyewe ndani ya wiki. Wachache hupata shida ya macho, wengine kabisa hupofuka. Wachache zaidi ubongo. Na chini ya mmoja katika mia hutokwa damu, na kati ya hao karibu nusu hufa. Ubaya ni kwamba mwanzo wake unafanana na malaria. Basi mtu wako akipata homa na kipimo cha malaria kikaonyesha hana, amwambie daktari waziwazi: "Juzi nilichinja" au "ng'ombe wetu wanatupa mimba." Sentensi hiyo moja inabadilisha namna daktari anavyomtazama.

#6

Mkuu umeigusa malaria juujuu tu hapo mwanzo. Sisi wa Kericho zamani tulikuwa tunasema malaria ni ya watu wa Kisumu. Siku hizi iko hadi kwenye majani chai. Si hiyo ndiyo athari kubwa zaidi ya joto?

#7 Mleta uzi

Ni kubwa, na ndiyo inayoua wengi, sibishi. Ila Kericho hasa ndiko kwenye mabishano marefu ya kisayansi. Mwaka 2002 kundi moja likasema halioni badiliko la joto linaloeleza ongezeko lile, likanyooshea kidole dawa zilizoanza kushindwa. Mwaka 2006 kundi jingine likarudia takwimu za miaka mingi zaidi likaona joto limepanda. Ushahidi ulionishawishi mimi ni wa 2014 kutoka nyanda za juu za Ethiopia na Colombia: miaka ya joto wagonjwa wanapanda mlima, miaka ya baridi wanashuka. Lakini malaria ina vyandarua, ina dawa, ina wafadhili, ina programu ya taifa. Homa ya Bonde la Ufa haina hata chanjo ya binadamu iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida. Ndiyo maana nimeileta hii.

#8

Mimi ni mfugaji, Dodoma vijijini. Sikatai chanjo. Ila kuna mwaka walikuja wakachanja, majike kadhaa wakatupa mimba. Tangu hapo mzee wangu akisikia gari la mifugo anapeleka ng'ombe porini. Unamwambiaje mtu kama huyo?

#9 Mleta uzi

Mkuu, mzee wako hajakosea alichokiona, na anastahili maelezo kabla ya kuambiwa alete ng'ombe.

Chanjo iliyotumika zaidi huku kwetu inaitwa Smithburn. Imetokana na kirusi kilichopatikana kwa mbu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Ni kirusi hai kilichopunguzwa makali. Dozi moja inampa mnyama kinga ya muda mrefu sana, na ni ya bei nafuu. Kasoro yake ni hiyohiyo: ikimkuta jike mwenye mimba inaweza kuitoa, au ndama akazaliwa na kilema. Aliyekuja kuchanja alipaswa kuuliza jike lipi lina mimba kabla ya kuchomoa sindano. Akikuta zizi zima lina mimba kwa sababu amekuja na mvua, lawama si ya mzee.

Zipo nyingine. Chanjo ya kirusi kilichouawa ni salama kwa wenye mimba, ila inataka kurudiwa ndipo ishike. Ipo pia Clone 13, ambayo ni hai lakini imekuwa salama zaidi kuliko Smithburn. Uliza ni ipi imeletwa, jina limeandikwa kwenye kichupa. Na dai sindano ibadilishwe kwa kila mnyama, hilo usilegeze hata kama wana haraka.

Kwa kundi lako, kama ni Smithburn, chanja kiangazi kabla hujapandisha. Majike ambayo hayajashika mimba na mitamba ndio wa kwanza. Ndama ambao mama zao walishachanjwa wasubiri wafike miezi sita, kwa sababu kinga waliyoipata kwenye maziwa ya kwanza inazuia chanjo isifanye kazi. Ndama wa mama asiyechanjwa hana haja ya kusubiri.

Mzee anapandisha mwezi gani kwa kawaida? Na majike wenye mimba kwa sasa ni wangapi? Nijibu hapahapa tupange pamoja kabla hujaenda kwa bwana mifugo wa kata.